Justice League: ilikatwa vibaya, au timu yenyewe haikuwahi kuwa timu?

#1 FundiDishi (Busia)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita niliteleza kwenye bati la mteja nikateguka mguu, nikalala ndani siku tatu. Nikaona nisipoteze muda, nikazitazama tena filamu zote mbili za Justice League, wale mashujaa wa DC, moja nyuma ya nyingine. Ile iliyoingia majumba ya sinema Novemba 2017, yenye urefu wa saa mbili kamili, na ile ya Zack Snyder iliyotoka Machi 2021, dakika 242. Nimeandika mambo mpaka daftari la risiti limejaa.

Kijiweni kwetu wimbo ni mmoja: ya kwanza ilikatwakatwa, ya pili ndiyo halali, kwisha. Mimi sikubali. Ile fupi ilikuwa na ugonjwa ambao hata ile ndefu haikupona. Wale sita, Superman, Batman, Wonder Woman, Flash, Aquaman na Cyborg, si timu. Ni abiria sita waliokutana kwenye teksi moja.

Chukueni Avengers ya 2012, ya mashujaa wa Marvel, wapinzani wa DC. Mji umevamiwa, Captain America anasimama barabarani anagawa kazi. Mpiga mishale apande ghorofani awe macho ya wenzake. Iron Man azunguke pembeni, anayetoka nje ya mstari amrudishe. Thor aende kwenye lile tundu la angani awapunguze kwa radi. Hulk yeye avunje tu. Haiishi dakika, na kibanda kizima cha video kinajua nani yuko wapi na ana kazi gani. Sasa nenda Justice League ya 2017. Watano wanahangaika, wanapigwa, Superman anashuka, anamaliza. Timu ya mtaa inapigwa tatu bila huku inamsubiri mchezaji wa kukodi ashuke kwenye boda dakika ya 80.

Sisemi yote ni mabaya. Superman anapofufuka hajitambui, anawapiga wenzake. Flash anaanza kukimbia kumzunguka. Kila kitu kimesimama, duniani anatembea yeye peke yake. Mara lile jicho la Superman linaanza kugeuka, taratibu, linamfuata. Uso wa Flash pale! Nimerudisha nyuma mara nne. Sekunde ile moja naichukua, vita yote ya mwisho muichukue nyinyi.

Haya, mnasemaje?

#2 Rolex_ya_Moto (Kampala, Wandegeya)

Pole ya mguu ssebo. Ila fundi akishaanza kumwandikia Batman kwenye daftari la risiti, ujue wateja wamehamia kwa jirani.

#3 BintiArua

Fundi, pole. Umekosea lakini.

Unaitazama timu kwenye ngumi, ndiyo maana huioni. Mtazame Victor, yule Cyborg. Kwenye ile fupi ni kama friji: kasimama pembeni, anawaka taa, mara mojamoja anatoa taarifa. Kwenye ile ndefu hadithi ni yake. Tunamwona akicheza mpira wao ule wa Marekani, mama yupo uwanjani, kiti cha baba kitupu. Ajali ya gari, mama anakufa, baba anamrudisha mtoto duniani kwa kile kisanduku cha nguvu za ajabu anachokitafuta adui, bila kumuuliza kama anataka kurudi. Anamwachia sauti kwenye kinasa, mtoto kwa hasira anakiponda mkononi. Baadaye yule baba anajifungia na kisanduku chumbani, anakichoma kwa miale mpaka kiive, ili kikishachukuliwa waweze kukifuatilia. Anaungua mtoto akimtazama kwenye kioo. Kwenye ile fupi baba hafi, basi hakuna kitu.

Na kuna ile ya mama mhudumu wa mgahawa. Victor anajifunza kuwa anaweza kuingia kwenye kila mtambo duniani, mabomu, masoko ya hisa, kila kitu. Anamwona mama mmoja masikini na watoto wake, anamwongezea pesa kwenye akaunti. Mama anasimama kwenye mashine ya benki haamini macho yake. Hakuna ngumi hapo. Mimi nililia, na si mtu wa kulia.

#4 Kondakta_wa_Malaba_Road

Bahati yake yuko Marekani. Angekuwa hapa angetumiwa kwa simu, serikali ikakata asilimia 1 yake, wakala akasema hana floti.

Mimi naona yote haya ni kosa la Snyder. Walimfukuza kwa sababu Batman na Superman ya 2016 ilisemwa vibaya, huyo aliyeletwa kumalizia akakuta jiko limeshaungua.

#5 Mwalimu_wa_Kasese

Kondakta, mambo mawili.

Kodi ya asilimia 1 ilikuwa Julai 2018 ilipoanza. Watu walipopiga kelele ikashushwa mpaka 0.5, na ikabaki kwenye kutoa pesa tu.

La pili ni zito zaidi. Snyder aliondoka Mei 2017 baada ya kufiwa na binti yake. Picha zilikuwa zimeshapigwa, zilibaki za nyongeza na uhariri. Akaletwa Joss Whedon kumalizia, akaandika upya mambo mengi, na studio ikashikilia filamu isizidi saa mbili. Muziki nao ukabadilishwa, akaondolewa Junkie XL akaja Danny Elfman. Hata rangi ya mbingu kwenye vita ya mwisho si ile ile.

Na kuna masharubu. Henry Cavill wakati wa picha za nyongeza alikuwa amefuga masharubu ya filamu nyingine, studio ya kule ikakataa asinyoe. Wakayafuta kwa kompyuta. Fungueni dakika ya kwanza ya ile ya 2017, watoto wanamrekodi Superman kwa simu. Tazameni mdomo wa juu. Kama mtu katoka kung'olewa jino, ganzi haijaisha.

Sasa Fundi, huyo Whedon unamjua? Ndiye aliyeandika na kuongoza Avengers ya 2012, hiyo hiyo uliyotutolea mfano.

#6 Rolex_ya_Moto

Banange! Fundi kapigwa shoti na waya aliouvuta mwenyewe.

#7 FundiDishi

Nimepigwa, nakiri. Nilijua Whedon alimalizia, sikuunganisha.

Lakini Mwalimu, si ndiyo inazidi kunipa nguvu? Mtu yule yule, akiwa na Avengers anatoa timu, akiwa na hawa hatoi. Basi tatizo si fundi, ni mali iliyoletwa gereji.

#8 Mwalimu_wa_Kasese

Au gereji imepewa gari la mtu mwingine limefunguliwa nusu, ikaambiwa kesho asubuhi litembee. Ukiwa fundi unalijua hilo.

Jambo jingine watu hulipita haraka. Avengers walifika 2012 wakiwa wameshatambulishwa. Iron Man 2008, Hulk mwaka huo huo, Thor na Captain America 2011. Mtazamaji aliingia anawajua kwa majina na tabia. Justice League ilipofika 2017 tulikuwa tumekula na Superman, Batman na Wonder Woman. Flash, Aquaman na Cyborg tuliwachungulia kwenye video fupi fupi ndani ya filamu ya 2016. Nusu ya timu ni wageni. Ile ya saa nne inalipa deni hilo, ndiyo maana ni ya saa nne.

#9 Mzee_wa_Kibanda

Watoto, shikamooni wenyewe. Nimewasoma nikacheka. Mnaongea kama watu waliotazama filamu wakiwa kwenye kochi.

Mimi nimeendesha kibanda hapa Malaba miaka ishirini na zaidi. Nawaambia kwa nini Justice League haikushika. Haina steringi.

Kibandani swali la kwanza ni hilo, filamu haijafika dakika kumi: steringi nani? Akishajulikana watu wanatulia, kwa sababu steringi hafi. Arnold, Jet Li, Rambo, hakuna shida. Mwaka 2018 niliweka hii ya saa mbili, DVD yenye VJ wa Kiganda, yule msimuliaji anayetafsiri filamu kwa sauti, juu yake. Mwanzo VJ akaamua steringi ni Batman, akamsifu weee. Kumbe Batman mwenyewe kila vita anapigwa, anajifuta vumbi. Watu wakaanza, Mzee, huyu steringi gani? VJ akahamia kwa Wonder Woman. Baada ya saa nzima anafufuka Superman, anawabamiza wote. VJ akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyu ndiye mwenye nyumba. Wale walikuwa wapangaji." Kibanda kilitikisika kwa kicheko, na hiyo ndiyo raha pekee niliyoipata kwenye filamu ile.

#10 Kondakta_wa_Malaba_Road

"Wale walikuwa wapangaji" 😂😂 Mzee, uzi umekwisha, fungeni.

#11 BintiArua

Shikamoo Mzee. Lakini Avengers nao hawana steringi mmoja, mbona walishika?

#12 Mzee_wa_Kibanda

Marahaba binti yangu. Steringi wao ni Iron Man. Ndiye aliyebeba bomu akapanda nalo juu mwishoni, akaanguka, watu wakasimama kwenye mabenchi. Wengine marafiki wa steringi. Rafiki wa steringi anaruhusiwa kufa, hiyo sheria ya zamani.

#13 Nubi_wa_Bombo

Salaam. Mnazunguka mbali. Sisi tuliokulia kwenye katuni jibu tunalo.

Justice League niliyoijua mimi ni ile ya katuni iliyoanza 2001. Saba: Superman, Batman, Wonder Woman, Flash, Hawkgirl, yule wa Mars wa kijani, na Green Lantern. Na Green Lantern wetu alikuwa John Stewart, mtu mweusi, mwanajeshi, sauti nzito. Utotoni wote tulipigania kuwa John, pete tulitengeneza kwa kizibo cha soda. Halafu 2017 naingia kwenye filamu, John hayupo. Hawkgirl hayupo. Wameniletea Cyborg, wa timu nyingine, Teen Titans! Snyder kamfuta Green Lantern kabisa.

Kwangu filamu ilikufa kabla taa hazijazimwa.

#14 Mwalimu_wa_Kasese

Nubi, uchungu wako naujua ila nikurekebishe kidogo. Hawakufuata katuni, walifuata vitabu vya 2011, DC ilipoanza hadithi zake upya. Huko Cyborg ni mwanzilishi wa timu, na adui anayevamia ni Darkseid mwenye wale wadudu wenye mabawa. Kweli Cyborg alizaliwa Teen Titans, 1980, lakini 2017 alikuwa ameshahamia miaka sita.

Na Green Lantern hakufutwa kabisa. Kwenye vita ya zamani, miungu na Amazoni na watu wa majini wakipigana pamoja, yupo mmoja. Anauawa, pete inamtoka kidoleni inaruka zake.

#15 Nubi_wa_Bombo

Sekunde tatu na anauawa. Asante Mwalimu, sasa nimefarijika.

#16 Fundi_Simu_Mbale

Snyder alitaka kumweka John Stewart mwishoni kabisa mwa ile ndefu, alipiga mpaka picha zake. Studio ikakataa, ndiyo akawekwa yule wa Mars.

#17 Nubi_wa_Bombo

Sasa umenimwagia chumvi ssebo.

#18 Mama_Chai_ya_Tangawizi (Jinja)

Huyo wa Mars ndiye aliyeniharibia usiku wangu. Kuna mahali mama yake Superman anamtembelea Lois. Wanawake wawili, mmoja kafiwa na mtoto, mwingine kafiwa na mchumba. Wanaongea pole pole, nyumba imepoa. Nikasema haya, leo wamekumbuka kuwa kuna watu. Mama anatoka mlangoni, anabadilika, kumbe ni yule wa Mars kajivika sura ya mama mkwe! Maana yake mama hakuja. Lois kafarijiwa na mgeni kutoka sayari nyingine. Nani aliona hilo ni wazo zuri? Kwenye ile fupi hakuna huo upuuzi. Hapo fupi inashinda.

Na ile sauti. Kila Wonder Woman na dada zake wakitokea, kuna mwanamke analia kwenye muziki, aaaaaa, kama maiti inatolewa ndani. Mara ya kwanza nikasisimka. Mara ya sita mume wangu akauliza kutoka chumbani nani kafa.

#19 Rolex_ya_Moto

Mama Chai 😂 na wale wanawake wa Iceland? Aquaman anavua sweta anaingia baharini, wanawake wamepanga mstari ufukweni wanamwimbia, mmoja anaokota sweta anainusa. Filamu imesimama kumsubiri amalize kunusa.

#20 Mama_Chai_ya_Tangawizi

Hiyo waiache. Ile sweta hata mimi ningeinusa.

#21 Afande_Mstaafu

Habari zenu. Nimekaa jeshini miaka mingi, nizungumzie mpango wa vita tu, mengine siyajui.

Fundi alisema hakuna mgawanyo wa kazi. Kwa ile fupi yuko sahihi. Wanavamia ngome ya adui kama watu wanaoingia sokoni. Batman anasema atawavuta wale wadudu, basi. Halafu kuna familia moja ya raia imejificha kwenye nyumba, tunarudishwa kwao kila mara. Flash anaisukuma gari yao nje ya hatari, anajisifu. Anageuka, Superman anapita juu kabeba ghorofa zima na watu ndani. Kichekesho kizuri. Lakini askari anajiuliza: huyu anayebeba ghorofa, adui anamfanyia nini? Mvutano umekufa hapo hapo.

Kwenye ile ndefu mpango upo na unaeleweka. Visanduku vitatu vikiungana dunia imekwisha. Cyborg ndiye pekee anayeweza kuingia ndani yake, lakini anahitaji chaji. Chaji inatoka kwa Flash, ambaye lazima akimbie duara mpaka ajae umeme. Wengine kazi yao ni kumchelewesha yule adui, Steppenwolf, tu, dakika zipatikane. Huo ni mpango. Kisha unaharibika: Flash anapigwa risasi ubavuni, anaanguka, visanduku vinaungana, wote wanageuka majivu. Ndipo kijana anainuka, anavunja sheria yake mwenyewe, anakimbia kuupita wakati, na ardhi inajirudisha chini ya miguu yake hatua kwa hatua.

Mpango, mpango kuharibika, mtu mmoja kuubeba. Kama hiyo si timu sijui timu ni nini.

#22 FundiDishi

Afande, saluti. Kwenye daftari langu hapo niliandika "vizuri sana" na nikapiga mstari mara mbili. Lakini angalia saa: hiyo ni saa ya nne inaanza. Mgonjwa kapona siku ya mazishi.

#23 Kondakta_wa_Malaba_Road

Saa nne zenyewe nusu yake ni slomo. Flash anamwokoa yule dada kwenye ajali, soseji inaelea hewani, ufuta unaelea, nywele zinaelea, na muziki wa mapenzi. Nimetoka Malaba mpaka Tororo nimerudi, soseji bado iko hewani.

#24 BintiArua

Soseji ile aliitia mfukoni akaenda kuwapa mbwa dukani, anatafuta kazi. Ulikuwa unasinzia.

#25 Fundi_Simu_Mbale

Mimi nina jibu dogo: adui. Steppenwolf wa 2017 ni mzee mwenye pembe anayeita visanduku "mama", na mwishoni anaogopa, wale wadudu wake wenyewe wanasikia harufu ya woga wanamrukia. Nani amwogope mtu kama huyo? Wa 2021 kavikwa chuma kinachotetemeka mwili mzima kama nungunungu, na ana shida ya mtu mzima: alimkosea bosi wake Darkseid, anadaiwa dunia elfu hamsini ndipo arudi nyumbani. Kila jioni anapiga simu kuomba msamaha, anapokelewa na katibu. Mimi nilimwonea huruma, nimewahi kuwa na deni la namna hiyo.

Mwisho Aquaman anamchoma, Superman anamrusha, Wonder Woman anakata kichwa, kichwa kinapita mlango wa angani kinatua miguuni pa Darkseid. Watatu wamegusa mpira, goli moja. Fundi, hiyo pasi huioni?

#26 Afande_Mstaafu

Hiyo pasi nilisahau kuitaja. Asante.

#27 Jinja_Road_Boy

Wakuu nimechelewa. Kwa nini hamsemi kwamba Avengers na wenzao walituweka sisi ndani? Daniel Kaluuya mzaliwa wa Kampala yumo Black Panther. DC wametuwekea nani?

#28 BintiArua

Kaluuya kazaliwa London, wazazi wake ndio Waganda. Mzaliwa wa Kampala ni Florence Kasumba, aliyekulia Ujerumani. Ni yule mlinzi mwenye kipara, Ayo, aliyemwambia Black Widow asogee au atasogezwa. Na DC wanaye: kwenye Wonder Woman ya 2017 ni seneta kule kisiwani kwa Amazoni. Kwa hiyo Kasumba kachezea timu zote mbili.

#29 Jinja_Road_Boy

Kale nyabo, nimekaa chini.

#30 Rolex_ya_Moto

Justice League inasemekana ilikula dola milioni 300, ikarudisha 650 na ushei dunia nzima, wakasema hasara ukijumlisha matangazo na mgawo wa wenye sinema. Nabwana kule Wakaliga alitengeneza Captain Alex kwa chini ya dola 200, helikopta za kompyuta, bunduki za vyuma chakavu, na VJ juu yake. Dunia nzima ikaitazama. Wangempa Nabwana zile 300, na masharubu ya Cavill angeyaacha. Angesema Superman kafuga.

#31 Mzee_wa_Kibanda

Na VJ angeeleza kwa nini kafuga. Huko kaburini hakuna kinyozi.

#32 Afande_Mstaafu

Mmegusa VJ. Baraza la Mawaziri lilipitisha Julai 2022 Kiswahili kifundishwe kwa lazima, lakini nikitaka filamu yenye sauti ya Kiswahili bado namtegemea DJ Afro wa Kenya. VJ wa Kiswahili wa hapa mimi sijampata.

#33 Mwalimu_wa_Kasese

Hilo lifunguliwe uzi wake. Turudi.

Mzee, hukutuambia: ile ya saa nne uliwahi kuiweka kibandani?

#34 Mzee_wa_Kibanda

Unanikumbusha msiba. Mwaka 2022, vibanda vimefunguliwa baada ya korona, kijana wa laibrari ya filamu ananiambia Mzee chukua hii, ndefu, watu watakaa. Nikaweka, kiingilio mia tano. Dakika tano haijafika, kelele: Mzee, TV yako imekatika pembeni! Kweli, huku na huku kuna nguzo nyeusi, picha iko katikati kama pasipoti. Nikagonga TV. Nikabonyeza rimoti yote. Nikaivuta picha ijae, watu wote wakawa wanene, Batman kawa kama pipa. Walisimama kudai mia tano zao. Nilirudisha elfu sita na mia tano siku ile.

#35 Fundi_Simu_Mbale

Mzee, TV haikuwa na kosa. Snyder aliitoa hivyo makusudi, picha ya nne kwa tatu. Aliitunga kwa ajili ya skrini kubwa za IMAX ambazo ni ndefu kwenda juu, hakutaka vichwa na miguu vikatwe. HBO Max wakaitoa hivyo hivyo.

#36 Nubi_wa_Bombo

Sasa ndiyo naelewa. Mimi niliitazama kwa mama, kule Bombo, kwenye TV ya chogo. Ilijaa kona hadi kona. Nikajiuliza hawa watu wanaolalamika nguzo nyeusi wanatazama nini.

#37 FundiDishi

Filamu ya mamilioni, na anayeipata ilivyokusudiwa ni mama Nubi na chogo lake. Mzee ungelitunza lile la zamani.

#38 Mzee_wa_Kibanda

Nililiuza kwako, Fundi. Elfu thelathini.

#39 FundiDishi

Tuendelee na mada.

#40 Mwalimu_wa_Kasese

Kwa hiyo tuna: haraka ya studio, wageni wengi, steringi hayupo, katuni, adui, na TV ya Mzee. Mimi bado niko kwenye haraka ya studio.

#41 BintiArua

Bado niko kwa Victor.

#42 Nubi_wa_Bombo

John Stewart.

#43 Kondakta_wa_Malaba_Road

Wakuu, niseme ukweli, msinicheke. Mimi ile ndefu sijaimaliza. Baada ya yale ya mia tano Mzee akaikata siku mbili kwa nusu bei, maana ina sehemu sita. Siku ya kwanza nikaona tatu. Siku ya pili nimefika, Arsenal inacheza, kibanda kimewekwa mpira. Sijawahi kuona zilizobaki.

#44 BintiArua

Subiri. Sehemu tatu za kwanza? Hapo Superman hata kaburi lake halijafukuliwa.

#45 Kondakta_wa_Malaba_Road

Kwangu bado amekufa, dada. Tangu 2022.

#46 Rolex_ya_Moto

Na soseji ameibishania humu kama shahidi wa mahakamani 😂

#47 FundiDishi

Ninayo kwenye diski. Lete flashi ya jibi 16, tupu, isiwe ile yenye virusi uliyoniletea Pasaka. Nitakuwekea tatu za mwisho.

#48 Kondakta_wa_Malaba_Road

Kesho saa mbili asubuhi napita Busia na gari la kwanza. Mguu unaruhusu kutoka mpaka stendi?

#49 FundiDishi

Mguu hauruhusu. Mpe flashi kijana wa chapati pale kona, mwambie ni ya Fundi.

#50 Mzee_wa_Kibanda

Ukishaimaliza niletee. Safari hii nitaziba zile nguzo kwa pazia.